Mwanga wa Kutoka Chini

Flashi yangu ya kwanza ya kusimama mbali na kamera niliinunua Nairobi, kwa mtu aliyekuwa akiacha kazi ya picha ili auze chakula cha kuku. Haikuwa na jina la kampuni yoyote ya maana. Ilikuwa na mkwaruzo ubavuni, mlango wa betri ulifungwa kwa raba bendi, na haikuwa na akili ya kupima mwanga yenyewe. Kila kitu ulikibonyeza kwa kidole chako na ukikosea umekosea. Pamoja nayo alinipa triga mbili, vidude vya redio vyenye ukubwa wa kiberiti. Kimoja unakiweka juu ya kamera, kingine unakifunga chini ya flashi, kisha ukipiga picha flashi inaitika popote ulipoiacha. Nilimpigia mke wangu simu nikamwambia kwa furaha kwamba nimenunua flashi. Akanijibu kwamba nyumbani ziko tatu na hata moja haijajaa. Alidhani nasema zile za kuchomeka kwenye kompyuta.

Nilipofika Kitengela sikungoja hata chai. Nilichukua kitunguu jikoni, nikakiweka mezani, nikaisimamisha flashi upande wa kushoto juu ya kopo la unga, nikapiga. Kisha nikakaa chini. Kitunguu kilikuwa na mgongo. Kilikuwa na mishipa, na upande mmoja uliong'aa, na upande mwingine ulioingia gizani taratibu kama kitu chenye siri zake. Miaka minane nilikuwa nimekula kwa kazi hii nikiwa na flashi iliyokaa juu ya kamera, inayommwagia mtu mwanga usoni mpaka uso unakuwa chapati, na hakuna aliyeniambia kwamba dunia ina mgongo.

Nikamwita mke wangu, mikono yake ikiwa na unga. Nilipompiga picha na taa ile pembeni niliuona mfupa wa shavu lake, mrefu, unaopanda kuelekea sikioni. Huo mfupa nilikuwa nimeuoa bila kuuona. Nilimwambia hivyo, akasema nimeanza wazimu, na chapati zinaungua.

Basi nikaanza kukusanya vyombo, na kwa kuwa mfuko wangu haukuwa na la kusema, vyombo vyenyewe vilikuwa vya ajabu. Standi ilikuwa ya maikrofoni, kanisa lilikuwa limeitupa kwa sababu imepinda. Nilinunua mwavuli mweupe wa kulainisha mwanga, lakini upepo wa Kitengela unajulikana, na watu wetu wanajulikana zaidi. Kwenye harusi moja upande wa Isinya niliusimamisha mwavuli wangu vizuri kabisa, nikageuka kumpanga bibi harusi, na nilipogeuka tena mhudumu wa kanisa alikuwa ameung'oa na kumkingia mhubiri jua. Alinipungia mkono kwa shukrani. Nusu ya picha za siku ile ni nyeusi, maana alipoung'oa aliizima flashi. Baada ya hapo nikakata mtungi mweupe wa mafuta ya kupikia, wa lita tano, nikaivisha flashi kama kofia. Mwanga unaopita kwenye mtungi ule ni laini kuliko wa vifaa vya watu wenye pesa, na hakuna mtu anayekuja kujikinga jua chini yake.

Hayo yote nayasimulia ili nifike kwa Paker.

Paker ni mama wa mke wangu. Wazazi wangu walihamia Kitengela kutoka Murang'a, mke wangu ni Mmaasai wa upande wa Mashuuru, na siku tulipopeleka mahari nilimpa mama yake kondoo jike, kama nilivyoelekezwa. Tangu siku hiyo yeye ananiita Paker na mimi namwita Paker. Neno linatokana na yule kondoo. Jina lake halisi sijawahi kulitamka, na sitaanza hapa. Pamoja na kondoo yalikuja masharti. Siingii nyumbani mwake. Sili mbele yake. Simkazii macho, naye akiniona njiani anavuta leso usoni na kupita mbali. Siku hizi wengi wameyaacha, na shemeji zangu hutucheka. Yeye hakuyaacha, na mimi, ambaye sikulelewa nayo, niliyapenda kuliko nilivyotarajia. Tunasalimiana kwa umbali wa zizi. "Takwenya, Paker," namwambia. "Iko, Paker," anajibu. Kwa miaka kumi na mmoja nilimjua kwa sauti na kwa rangi ya leso.

Sikuwa na picha yake hata moja, na waliokuwa nazo hawakuwa nazo kweli. Kwenye picha za harusi yetu, zilizopigwa na mtu mwenye flashi ya juu ya kamera, shanga zake nyeupe zinawaka na juu yake pana kivuli kilichofungwa kitambaa. Kitambulisho chake ni hivyo hivyo. Uso wake ulikuwa mweusi wa kupendeza, watu walisema, na kamera zote zilikuwa zimeukimbia.

Mwaka juzi daktari wa macho kule Kajiado alimwambia ana presha ya macho. Kilichopotea hakitarudi, dawa ya matone itajaribu kushikilia kilichobaki. Alikuwa akiona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lilikuwa likizidi kuwa jembamba. Wiki moja baadaye mke wangu alirudi kutoka kwao, akakaa jikoni bila kuvua sweta.

"Mama anataka umpige picha," akasema.

"Mimi?"

"Wewe. Anasema, kwani Paker si ndio kazi yake?"

"Nitampiga aje na siwezi kumwangalia?"

"Hiyo ni shida yako. Yeye anataka picha."

Kisha akanieleza. Paker alifiwa na mama yake akiwa msichana ambaye bado hajaolewa. Hakuna aliyewahi kumpiga picha yule mama, na kwa desturi yao jina lake halikutajwa tena. Alipotea mara mbili, ndivyo nilivyoona mimi. Sasa Paker alikuwa amefika umri aliofariki nao mama yake, na kina shangazi wawili waliobaki wakimwona hushtuka. Wewe umekuwa yeye, wanamwambia. Alitaka kuona kama ni kweli kabla macho hayajafunga.

"Si ana kioo?" nikauliza.

"Kioo anacho. Lakini anamkumbuka mama yake akiwa amekaa kando, ubavu kwake, anapika. Sasa wewe, ushawahi kujiona kando kwa kioo?"

Sikuwa nimewahi kufikiria hilo. Nilikuwa nimesikia neno "kando" likanikaa kichwani, na neno "anapika" likanipita, na kosa langu lote lilikuwa hapo.

Tulikwenda Jumamosi, tukapita Isinya, tukaacha lami, vumbi likatuongoza. Watoto walishuka wakamkimbilia bibi yao, wakamwinamishia vichwa mmoja baada ya mwingine, naye akawagusa kila mmoja utosini kwa kiganja, kama mtoto wa Kimaasai anavyosalimiwa na mkubwa. Mimi nilibaki kando ya gari, macho chini, nikifungua standi ya maikrofoni. Nilimtuma mke wangu amuulize swali lililoninyima usingizi: kumtazama ndani ya kamera ni kumtazama, au si kumtazama?

Kicheko chake kilinifikia kabla ya jibu.

"Anasema kamera haikumletea kondoo," mke wangu akatafsiri.

Kwa hiyo kamera haikuwa mkwe, ilikuwa huru. Na flashi yangu, kwa mara ya kwanza, ilinionyesha imeumbwa kwa ajili ya nini. Nilimwomba mke wangu amketishe mama chini ya mgunga, ubavu kwangu. Nikamwelekeza aweke taa karibu naye kabisa, mtungi juu kidogo ya kichwa, upande, nyuzi arobaini na tano, kama video zote za mtandaoni zilivyonifundisha. Mimi nikaenda hatua thelathini na lenzi yangu ndefu ya mtumba. Mwanga ulisimama mahali ambapo mimi sikuruhusiwa kusimama. Nilibonyeza kutoka mbali na ukamfikia, ukaitika karibu na shavu lake, kwa adabu zake zote.

Picha zilikuwa safi. Uso ulikuwepo, shanga zilikuwepo, kila kitu mahali pake. Mke wangu alimpelekea kamera. Nikamwona kwa pembeni ya jicho akiisogeza karibu, akiigeuza, akiitafutia ile sehemu ya jicho inayoona.

"Huyu ni mimi," akasema kwa Kiswahili, ili nisikie. "Mimi nimeenda kanisa. Ni mzuri, Paker. Asante."

Akairudisha kamera. Laiti angesema ni mbaya. Ile asante iliniuma, kwa sababu niliisikia imebeba safari nzima, na kungoja kote, na hakuna aliyekuwa mle ndani ya picha isipokuwa yeye mwenyewe. Akainuka akaenda kututengenezea chai kwenye nyumba yake ya zamani, ya udongo na samadi, aliyoigeuza jiko baada ya watoto kumjengea ya mabati.

Nilikaa nje, mgongo ukutani, nikiwa na hasira na video zote nilizowahi kutazama. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye kitundu kidogo juu ya kichwa changu. Nikamwambia mke wangu, aliyekuwa ndani, amuulize mama: ule mwanga uliokuwa kwa uso wa mama yake ulitoka wapi?

Kisha sauti ya Paker mwenyewe ikanijia kupitia ukuta.

"Paker, kwenu moto inakaa juu ya mti?"

Mke wangu alicheka mpaka akakohoa moshi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika kichwa.

Moto unakaa chini. Video zile zilikuwa zimenionya mara mia: usimpige mtu mwanga kutoka chini, huo ni mwanga wa sinema za mashetani, unatisha, unazeesha. Nikatii. Nikasahau kwamba mimi pia nilikuwa na mama, na mama alikuwa na mafiga matatu, na kila jioni ya utoto wangu nilimwona akiinama kupuliza moto, kidevu kikiwaka kwanza, kisha midomo, kisha matundu ya pua, na macho yakibaki juu kwenye kivuli. Uso huo haukuwahi kunitisha. Ulikuwa uso wa chakula kinachokuja. Wote tuliolelewa jikoni mwa moto tulijifunza sura za mama zetu kwa mwanga wa kutoka chini, na mimi, kwa kusoma kwingi, nilikuwa nimeupiga marufuku.

Niliitoa flashi kwenye standi. Nikavua mtungi. Mke wangu alikuwa na pipi za watoto kwenye mkoba, zile za karatasi ya rangi ya chungwa. Tukala mbili, nikazibandika karatasi mbele ya taa ili mwanga uwe wa rangi ya moto. Nikapunguza nguvu mpaka mwisho. Nikampa mlangoni, nikamwambia aiweke chini, nyuma ya figa, iangalie juu kwa mama. Kisha nikabadilisha lenzi, nikampangia kamera kila kitu, nikamkabidhi pia. Mimi siingii. Picha ile ingepigwa na mtu ambaye hakuwahi kupiga picha isipokuwa kwa simu, ndani ya nyumba nisiyoweza kuiona, na mimi nikiongea na ukuta.

"Amekaa?"

"Amekaa. Anakoroga chai."

"Usimwambie aangalie kamera."

"Nani amekuambia ataangalia? Anaangalia sufuria."

"Haya. Finya pole pole."

Akafinya, na taa haikuitika. Triga za bei rahisi zina tabia ya kulala usingizi. Nikamwambia afinye tena, aiamshe.

Mwanga ulitoka kwenye kitundu cha moshi juu ya kichwa changu, mara moja, wa rangi ya chungwa, ukapaka moshi, ukapotea. Mchana mweupe, na niliuona. Mimi niliyeipanga taa ile nilikuwa nje, mikono mitupu, na mle ndani, ng'ambo ya udongo na samadi, kidude cha ukubwa wa kiberiti kilikuwa kimeitwa na kingine kikaitika. Nimeshaeleza jinsi inavyofanya kazi. Najua inavyofanya kazi. Siku hiyo nilivua kofia.

Walipiga kama mara kumi na mbili. Mke wangu alipotoka alikuwa ameikumbatia kamera kifuani. Kioo cha kamera kilikuwa kidogo mno kwa macho ya mama, na moshi ulikuwa mwingi. Angehitaji picha kubwa. Lakini kabla sijaipokea nilimrudisha aulize kama naruhusiwa kuiangalia, maana hii sasa haikuwa kamera tena, yalikuwa macho yangu, na kwa muda mrefu.

Jibu lilipita ukutani. "Aangalie. Asipotengeneza yeye, atatengeneza nani?"

Niliifungua kwenye kompyuta kesho yake, baada ya kanisa. Nilisimama bila kujua kwamba nimesimama. Mwanamke amekaa kando ya moto, mwiko mkononi. Mwanga umeanza kidevuni, umepita chini ya taya, umeingia kwenye tundu refu la sikio, na kutoka hapo umepanda kwenye mfupa wa shavu, mrefu, unaoelekea sikioni, ule ule niliouona kwa mke wangu siku ya kitunguu. Moshi umeshika rangi nyuma yake. Macho yako chini. Hana habari na mtu yeyote. Nilikuwa nikimwona kwa mara ya kwanza mtu aliyenizalia mke, na nikaona aibu, na nikaona shukrani, na sikuweza kuzitenganisha. Binti yangu mdogo akapita akichukua biskuti mezani, akainamia kompyuta, na mfupa ulikuwepo kwake pia. Sikulainisha ngozi. Sikugusa kunyanzi hata moja. Nilifuta kidoa kimoja cha vumbi la lenzi, nikaacha.

Kwenye duka la kuchapisha hapa Kitengela mama wa kaunta aliitazama ile picha kubwa ikitoka kwenye mashine, akapunguza sauti. "Pole. Alikuwa nani wako?" Kwetu picha kubwa ya mzee ni ya matanga. Nikamwambia hakuna aliyekufa, kisha nikasita, kwa sababu haikuwa kweli kabisa. Akaiweka kwenye fremu akiwa bado na uso wa pole.

Tuliipeleka Jumamosi iliyofuata. Nilibaki kando ya gari, mahali pangu. Mke wangu aliibeba mpaka kivulini, akaisimamisha juu ya kigoda na kuishika kwa mikono miwili isianguke. Paker alikuja polepole. Akasogea karibu, karibu zaidi, akainamisha shingo huku na huku akiitafutia picha kile kipande cha jicho. Aliupata mwiko kwanza, nadhani, kwa sababu aligusa hapo. Kisha kidevu. Kisha akatulia.

Hakusema jina, kwa kuwa halisemwi. Aliirudisha leso nyuma kichwani, akapiga hatua moja mbele, na akainamisha kichwa mbele ya picha, chini kabisa, utosi mbele, kama walivyofanya watoto wangu walipomsalimia. Mwanamke mzima, bibi wa watu, alisimama hivyo akingoja kuguswa.

Nilikuwa nikimwangalia waziwazi, bila kamera, na sikukumbuka kwamba siruhusiwi. Mke wangu alinitazama. Nilijua anachouliza, maana mtoto hamgusi mzazi wake kichwani. Kisha akaishika picha kwa mkono mmoja, na ule mwingine akauweka juu ya utosi wa mama yake.

Hapo ndipo nilipokumbuka adabu, nikageuka.